Somo: Kuchagua skrini ya mguso ya kuendeshea mashine kiwandani

Fundi anapoagizwa kuleta skrini mpya baada ya ile ya zamani kuzimika, mara nyingi huanza kwa kuuliza inchi na bei, ilhali hayo mawili yanapaswa kuja mwishoni. Skrini ya opereta haiendeshi mashine. Inayoendesha ni PLC, yaani kompyuta ndogo ya kudhibiti mashine, iliyofungwa ndani ya kabati la umeme, na skrini ni mahali pa opereta kusoma hali ya mashine na kuipa maagizo. Kwa hiyo skrini isiyoelewana na PLC yako, au isiyohimili mazingira ya pale itakapofungwa, ni hasara hata kama umeipata kwa nusu bei. Nitatumia mfano wa mashine ya kufungashia unga wa mahindi katika pakiti za kilo 1 na kilo 2, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea.

Hatua ya 1: Mtazame opereta akiwa kazini

Kaa naye zamu nzima ukiweza. Kwenye mashine ya unga utaona vumbi jeupe limetuama kwenye ukingo wa chini wa skrini, opereta analifuta kwa mkono wa koti, kisha anabonyeza kwa ncha ya kalamu kwa sababu amevaa glavu. Hapo umeshapata majibu mawili. La kwanza ni aina ya mguso: skrini ya rezistivu hufanya kazi pale tabaka zake mbili zinapogusana kwa kubonyezwa, kwa hiyo hukubali glavu, ukucha na hata kalamu, ilhali ya kapasitivu huhisi umeme wa mwili, kwa hiyo glavu nene huikwamisha na matone ya maji yanaweza kuichanganya, ingawa kioo chake hakichuniki upesi. Kwa unga mimi huchagua rezistivu, na huagiza pamoja nayo karatasi angavu ya kinga, maana plastiki yake huchakaa pale panapobonyezwa kila siku. Jibu la pili ni kiwango cha kinga, nalo tutaliona katika hatua ya 3.

Hatua ya 2: Hakikisha skrini na PLC zinaelewana

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Fungua kabati, piga picha kibandiko cha PLC, andika namba yote ya modeli pamoja na herufi za mwisho, kisha fuatilia kebo inayotoka kwenye skrini ya zamani hadi inapochomekwa. Modeli mbili zinaweza kufanana kabisa kwa mbele na zikatofautiana kwa nyuma. Siemens, kwa mfano, wana KTP700 Basic inayotumia Profinet (mawasiliano kupitia Ethaneti) na KTP700 Basic DP inayotumia Profibus au MPI (mawasiliano ya aina nyingine, yenye nyaya tofauti). Zote ni za inchi 7, lakini huwezi kuweka moja mahali pa nyingine bila kugusa programu na nyaya.

Ikiwa mawasiliano ni ya Modbus, itifaki (kanuni za vifaa kuzungumza) iliyoanzishwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na ambayo bado imeenea viwandani, uliza kama ni Modbus TCP kupitia Ethaneti au Modbus RTU kupitia RS-485, aina ya nyaya za kupitishia data. Kwenye RTU, kasi, pariti (biti ya kukagua makosa) na idadi ya biti lazima zifanane pande zote mbili, na kila kifaa kinachoulizwa kiwe na anwani yake kati ya 1 na 247. RS-485 inaweza kufika mita 1,200 kwa kasi ndogo, mradi kebo iwe ya jozi iliyosokotwa, iwe na kikinzani cha omu 120 katika kila mwisho, na isilazwe pamoja na nyaya za mota. Nimeshaona skrini inayopoteza mawasiliano kila mota kubwa inapowashwa, na dawa ikawa kuhamisha kebo tu.

Hatua ya 3: Kinga, joto na umeme

Kiwango cha kinga huandikwa kwa herufi IP na namba: IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa kwa bomba hayaingii. Kwa unga hiyo inatosha, lakini sehemu inayooshwa kwa maji ya moto yenye shinikizo kubwa, kama machinjioni au kwenye kiwanda cha maziwa, inahitaji IP69K. Jambo linalosahaulika ni kwamba kinga hiyo ni ya uso wa mbele pekee. Mgongo wa skrini mara nyingi ni IP20, yaani hauzuii vumbi wala maji, kwa hiyo mpira wa kuzibia ukikaa vibaya, au tundu likikatwa kubwa kupita kiasi, unga utapenya hadi ndani ya kabati.

Skrini nyingi hutumia volti 24 za DC na huvumilia joto hadi nyuzi 50 hivi. Pima joto ndani ya kabati saa nane mchana, usilikadirie. Pima pia volti wakati valvu zote zinafanya kazi, kwa sababu saplai iliyoelemewa huifanya skrini ijizime na kuwaka upya katikati ya kazi.

Hatua ya 4: Programu na faili

Uliza programu ya kutengenezea kurasa inagharimu kiasi gani. EasyBuilder Pro ya Weintek hupakuliwa bure, ilhali nyingine zinahitaji leseni ya kulipia. Muhimu zaidi, dai faili asilia la mradi siku mashine inapokabidhiwa. Kiwanda kimoja nilichokihudumia hakikuwa nalo. Skrini ilipokufa ilibidi tuchore kila ukurasa upya kwa kutazama picha za simu za opereta, na kazi ya saa moja ikachukua siku nne.

Hatua ya 5: Ukubwa

Inchi 7 hutosha mashine moja ya kawaida. Kabla ya kulipa, linganisha vipimo vya tundu la zamani kwa milimita.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, naweza kutumia tableti ya kawaida ili kupunguza gharama?
Jibu: Kwa kutazama takwimu, sawa. Kwa kuendesha mashine, hapana, ndugu yangu: haikuundwa kwa vumbi wala joto la kiwandani, na Wi-Fi ikikatika opereta atabaki bila njia ya kutoa agizo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nikibonyeza "Anza", kinachoitika ni kitufe cha pembeni yake. Skrini imeharibika?
Jibu: Marahaba. Kama ni rezistivu, anza kwa kuisawazisha mguso upya kupitia menyu ya mipangilio. Ikirudia, legeza kidogo vibano vya nyuma, kwani vikikazwa kupita kiasi hubana ukingo wa tabaka la mguso. Baada ya hapo ndipo ufikirie kununua.

Swali: Bosi anataka kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura kiwekwe kwenye skrini ili tuokoe nyaya. Nimjibuje?
Jibu: Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Skrini inaweza kuganda na mawasiliano yanaweza kukatika wakati mkono wa mtu umenaswa. Kitufe hicho kiwe halisi, chekundu juu ya usuli wa manjano, na nyaya zake zipite kwenye relei ya usalama inayokata nguvu ya mota bila kuitegemea skrini. Kwenye skrini weka taarifa tu inayoonyesha ni kitufe kipi kilichobonyezwa.