Namna ya Kusoma Msimamo wa Nchi Jirani Kuhusu Vita vya Sudan

Sudan inapakana na nchi saba: Misri, Libya, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Sudan Kusini, Ethiopia na Eritrea. Tangu Aprili 15, 2023, jeshi la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan lilipoanza kupigana na RSF, kikosi cha wanamgambo cha Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kama Hemedti, majirani hawa wamekuwa wakirudia kwamba wanataka amani. Kauli hiyo haimfai mwandishi wa habari, mwanafunzi wala mtu wa misaada anayetaka kujua mpaka upi utafunguliwa na nani atapokewa ikulu. Utaratibu huu ni wa kuupata msimamo wenyewe. Unahitaji jedwali na subira.

Jedwali liwe na safu tano: tarehe, aliyesema, majina aliyotumia, kitenzi kikuu, na kitendo kilichofuata ndani ya siku 30. Kusanya matamko yasiyopungua kumi ya nchi moja, yaliyotolewa ndani ya miezi sita au zaidi. Tamko moja peke yake halisemi kitu, kwa sababu huwezi kuona neno gani limeongezwa na lipi limeondolewa. Chukua matini kamili kutoka ikulu au wizara ya mambo ya nje, usitegemee muhtasari wa mashirika ya habari. Muhtasari hukata yale maneno ya kawaida-kawaida, nayo ndiyo unayoyatafuta. Viongozi wawili wakikutana, soma taarifa za pande zote mbili. Jambo lililotajwa na upande mmoja na kurukwa na mwingine ndilo lililobishaniwa.

Kisha pigia mstari majina. Anayemtaja Burhan kwa cheo chake cha mwenyekiti wa Baraza la Utawala wa Mpito anamhesabu kuwa ndiye dola. Anayesema "pande zinazopigana" anawaweka majenerali wote wawili kwenye mizani moja, na serikali ya Burhan hulichukulia hilo kama tusi. Januari 2024, IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ilimwalika Hemedti kwenye mkutano wa wakuu wa nchi nchini Uganda. Mwezi huohuo Sudan ikasimamisha uanachama wake katika jumuiya hiyo. Mwaliko tu ulitosha Sudan kusitisha mawasiliano na IGAD, kabla hata mkutano haujafanyika.

Vitenzi navyo vina ngazi. "Tunafuatilia kwa karibu" ni ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna "tuna wasiwasi", kisha "tunasikitishwa", kisha "tunalaani". Ukifika kwenye kulaani, uliza: nani analaaniwa? Tamko linalolaani "mashambulizi dhidi ya raia" bila kumtaja aliyeshambulia linamkwepa mtu fulani kwa makusudi. Liweke kando na tamko la nchi hiyohiyo kuhusu shambulio la upande wa pili, na mara nyingi utaona jina limetajwa huko.

Misri inastahili muda wako mwingi, maana lugha yake imetulia na inasomeka. Julai 13, 2023, Cairo iliwakutanisha majirani wote wa Sudan, na mkutano ukayaita mapigano suala la ndani la Sudan, ukakataa nchi za nje kuingilia, ukasisitiza kulindwa kwa taasisi za dola. Maneno hayo ya mwisho ndiyo moyo wa msimamo wa Misri. Katika Sudan ya leo taasisi kubwa ya dola iliyobaki imesimama ni jeshi, kwa hiyo anayetaka "taasisi zilindwe" anataka jeshi lisivunjike. Msomaji asiyelijua hilo huona maneno ya upole yasiyo na upande.

Ili kujua kwa nini, fuata maji. Mkataba wa mwaka 1959 uliigawia Misri mita za ujazo bilioni 55.5 za maji ya Nile kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5. Ethiopia, isiyokuwemo kwenye mkataba huo, ilizindua rasmi bwawa lake kubwa kwenye Nile Septemba 2025. Cairo inataka Khartoum iwe na serikali itakayosimama nayo kwenye mvutano huo. Lakini usiishie kwenye undugu wa maneno: Juni 2023, vita vikiwa na miezi miwili tu, Misri ilianza kudai viza kwa Wasudani wote, wakiwemo wanawake, watoto na wazee waliokuwa wakiingia bila viza. Tamko na kaunta ya viza viandike kwenye mstari mmoja wa jedwali.

Kwa Chad, angalia mpaka na viwanja vya ndege. Serikali ya Burhan inadai kwamba silaha za RSF hupitia uwanja wa Amdjarass, mashariki mwa Chad; serikali ya Chad mjini N'Djamena inakanusha. Desemba 2023 Chad iliwafukuza wanadiplomasia wanne wa Sudan baada ya jenerali mmoja wa jeshi la Sudan kuituhumu hadharani. Wakati huohuo Chad imebeba wakimbizi wapya zaidi ya 800,000, na Wazaghawa, kabila la Rais Mahamat Idriss Déby, wako pande zote mbili za mpaka, wengi wao wakipigana dhidi ya RSF huko Darfur, magharibi mwa Sudan. Ndiyo maana maneno ya Chad huwa machache.

Sudan Kusini ni mafuta. Mafuta yake ya kuuza nje hupita kwenye mabomba yanayovuka Sudan hadi Bahari ya Shamu, na bomba kubwa lilipopasuka Februari 2024, mapato ya serikali yake mjini Juba yaliporomoka. Nchi iliyo katika hali hiyo huongea na kila mwenye bunduki kandokando ya bomba. Desemba 2025, RSF ilipouteka uwanja wa mafuta wa Heglig, ndani ya Sudan karibu na mpaka, wanajeshi wa Sudan Kusini waliingia kuulinda kwa makubaliano na pande zote mbili.

Makosa yanayoharibu kazi hii yanajulikana. La kwanza ni kudhani kila nchi ina sauti moja. Libya ina serikali Tripoli, lakini upande wake wa mpaka na Sudan uko mikononi mwa majeshi ya Khalifa Haftar, mbabe wa kijeshi wa mashariki mwa Libya. Juni 2025 jeshi la Sudan liliyatuhumu kuisaidia RSF kwenye pembetatu ya mpaka wa Libya, Misri na Sudan. Na Cairo ni rafiki wa Haftar na wa Burhan vilevile, kwa hiyo usichore mishale ya urafiki kana kwamba rafiki wa rafiki hawezi kuwa adui. Kosa la pili ni kuyapokea maelezo ya mwenyeji kama yalivyo. Kenya haipakani na Sudan tangu Sudan Kusini ijitenge mwaka 2011, ila mfano wake unafundisha: Februari 2025 ilisema inatoa tu jukwaa la mazungumzo wakati RSF na washirika wake wakikutana Nairobi kutia saini mkataba wa kuunda serikali sambamba. Sudan ilimwita balozi wake nyumbani, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Aliyeandika safu ya vitendo aliona. Aliyesoma matamko tu alishangaa.

Kura za Umoja wa Mataifa zitumie kama kipimo cha mwisho. Oktoba 2023, Baraza la Haki za Binadamu liliunda tume ya uchunguzi kuhusu Sudan kwa kura 19 dhidi ya 16, huku 12 wakijizuia. Tafuta jirani aliyekuwa mwanachama wa baraza alipiga vipi, kisha soma maelezo ya kura yake. Aliyejizuia mara nyingi hueleza sababu, na sababu hiyo huwa ya kweli kuliko hotuba.

Jedwali likijaa, andika matokeo kwa sentensi moja yenye tarehe, maslahi na jambo linaloweza kuibadili. Kwa mfano: "Kufikia Desemba 2025, Juba haichagui upande kwa sababu mafuta yake hupita kwa wote wawili, itachagua mmoja wao akilishika bomba lote." Irudie sentensi hiyo kila mji mkubwa unapobadili mikono, kama El Fasher, mji wa Darfur, ulivyotekwa na RSF Oktoba 2025, na uandike upya chochote ambacho hakisimami tena.