Somo: Boga la Novemba halitupwi

Kwa sisi tulio Marekani, Kanada na Uingereza, vuli si mvua ndogo. Ni msimu wa majani kupukutika, na maduka hujaa maboga ya rangi ya chungwa hadi tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween. Kuanzia 1 Novemba bei huporomoka, kwa kuwa wengi huyanunua kama pambo tu. Huo ndio wakati wa kununua. Boga la kilo 5 hutoa futari ya familia, rojo la kuweka kwenye friza na mbegu za kutafuna.

Ila tuelewane mapema: boga la kuchonga, yaani hilo linalouzwa kuchongwa pambo la Halloween, si boga la nyumbani. Limezalishwa liwe kubwa na lichongeke kwa urahisi. Nyama yake ina maji mengi na nyuzinyuzi, na sukari yake ni kidogo. Anayelipika kama boga la shambani hupata uji usio na ladha, kisha husema maboga ya huku ni mabaya. Kazi yote ya somo hili ni kuyaondoa hayo maji.

1. Kuchagua

Chukua boga zima, gumu, lenye kikonyo kilichokauka. Bonyeza kitako kwa kidole gumba, maana uozo huanzia hapo. Usilibebe kwa kikonyo: kikivunjika, vimelea hupata mlango. Acha yaliyopakwa rangi au kumetameta. Vile viboga vidogo vya mapambo vyenye vinundu na mistari navyo viache, kwani baadhi yake ni vichungu na huumiza tumbo. Boga lolote ukilionja likawa chungu, tema na ulitupe lote. Uchungu ule ni sumu, na kupika hakuuondoi.

Ukikuta maboga madogo ya kupikia ya kilo 1 hadi 2, au butternut, kwa bei inayokaribiana, chukua hayo. Ni matamu zaidi na yana maji machache.

2. Kutunza

Futa kwa kitambaa kikavu, usilioshe. Liweke juu ya kadibodi au ubao, yasigusane, mahali pakavu penye nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi. Boga zima hukaa hivyo miezi miwili, hata mitatu. Kwenye gereji inayoganda huharibika, na karibu na matufaa huoza mapema kwa sababu ya gesi inayotoka kwenye matunda hayo.

3. Kuoka

Sasa lioshe kwa maji na brashi, ulikaushe. Ng'oa kikonyo, lipasue katikati kutoka juu kwenda chini kwa kisu kizito, huku umeweka taulo chini lisiteleze. Kwangua utumbo kwa kijiko na utenge mbegu.

Paka mafuta kidogo upande wa nyama, laza nusu hizo kifudifudi kwenye sinia la oveni, nyuzi 200 za Selsiasi, dakika 50 hadi 75 kutegemea unene. Limeiva kisu kikipenya hadi kwenye ganda bila kugoma. Likipoa, ganda hubanduka kwa mkono.

Kuchemsha hutumia umeme mdogo kuliko oveni, lakini huongeza maji kwenye kitu ambacho tayari kimelowa. Afadhali uoke siku ambayo oveni inawashwa kwa kazi nyingine.

4. Kuchuja

Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Saga nyama kwa blenda au ponda kwa mwiko, tandaza kitambaa safi cha pamba kwenye chujio, mimina rojo, uache kwenye jokofu saa 3 au usiku kucha. Utaona maji yaliyojikusanya chini. Usiyamwage: pikia wali au uji. Rojo lililochujwa vizuri husimama kwenye kijiko bila kutiririka.

5. Friza

Pima kikombe 1 (ml 240) kwa kila mfuko, toa hewa, laza mifuko bapa ili igande upesi na ipangike. Andika tarehe. Tumia ndani ya miezi 8 hadi 12.

6. Futari ya boga la kuchonga

Hapa usioke. Menya kilo 1, kata vipande vya sentimita 4. Nyunyizia sukari vijiko vikubwa 3 na chumvi nusu kijiko cha chai, acha dakika 20 lijitoe maji. Fungua kopo la tui la ml 400 bila kulitikisa, ukiwa umelisimamisha wima kwenye jokofu usiku mmoja: mafuta mazito ya juu ndiyo kasimile yako, maji ya chini ndiyo tui jepesi. Bandika vipande na maji yake, tui jepesi na hiliki 4 zilizopondwa. Funika dakika 10, kisha funua mchuzi upungue. Vipande vikilainika, tia kasimile, punguza moto, tikisa sufuria taratibu dakika 5. Moto ukiwa mkali tui litakatika, na ukikoroga kwa mwiko boga litavurugika.

7. Mbegu

Osha, chemsha dakika 10 kwenye maji lita 1 yenye chumvi kijiko kikubwa 1, zikaushe kabisa kwa kitambaa, kisha kaanga kwa oveni nyuzi 160 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25, ukizigeuza. Zikiingia na unyevu huwa kama ngozi badala ya kuvunjika.

Maswali ya wanachama

*Watoto walichonga boga, likakaa nje na mshumaa siku tatu. Naweza kulipika?*

Hapana, dada. Tangu lilipopasuliwa, bakteria na ukungu vimepata njia, na moshi na nta vimeingia. Mwakani tengeni boga moja la kuchora kwa kalamu siku ya sherehe, na moja la jikoni.

*Chapati zangu za boga zinanata mikononi, nikiongeza unga zinakuwa ngumu.*

Rojo halikuchujwa. Tumia unga vikombe 3, rojo lililochujwa kikombe 1, mafuta vijiko vikubwa 2, chumvi kijiko cha chai 1. Kanda bila maji kwanza. Donge likibaki kavu ndipo uongeze maji, kijiko kimoja kimoja. Mara nyingi viwili au vitatu vinatosha. Funika dakika 30 kabla ya kusukuma.

*Friza yangu ni ndogo. Naweza kuweka rojo kwenye chupa za kioo, nichemshe kama jamu?*

Tafadhali usifanye hivyo. Boga halina asidi ya kutosha, na rojo ni zito kiasi kwamba joto halifiki katikati sawasawa. Ndani ya chupa iliyofungwa huweza kuota bakteria wa botulizimu, ambaye sumu yake huua na huenda usiisikie kwa harufu. Kama friza haitoshi, hifadhi maboga mazima na upasue moja moja.

*Naishi fleti yenye joto kila chumba, sina stoo.*

Tafuta kona iliyo mbali na hita: sakafuni karibu na mlango wa nje, au chini ya dirisha la chumba cha kulala. Yatakaa wiki chache badala ya miezi, kwa hiyo nunua mawili, si sita. Yageuze kila wiki, na lenye doa laini lipikwe siku hiyohiyo baada ya kukata sehemu hiyo kwa upana. Likiwa na ukungu ndani, litupe.

*Na majani yake, kwa sisi tuliopanda?*

Yachume kabla ya baridi kali ya kwanza, maana usiku mmoja wa jalidi huyageuza meusi. Chuma machanga ya ncha, menya nyuzi za kikonyo, chovya kwenye maji yanayochemka dakika 2, kisha kwenye maji ya barafu, kamua, ugandishe kwa matonge ya kupika mara moja.