Sheria Mpya Imetoka: Jinsi ya Kuifikisha Hadi Langoni

Kazi yangu ni kuhakikisha kampuni yetu inafuata sheria. Tuko Industrial Area, Nairobi, na tuna wafanyakazi kama mia moja na arobaini: madereva, wapakiaji, makarani, walinzi. Miaka ya mwanzo nilikuwa nasoma kila sheria mpya, naandika muhtasari wa kurasa kumi na kuutuma kwa barua pepe. Ghalani na langoni mambo yaliendelea vilevile. Leo ninashikilia kwamba sheria haijafika kazini mpaka mtu mmoja anayejulikana afanye jambo moja tofauti na alivyolifanya jana. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Anza na kazi, usianze na sheria

Beba daftari, tembea kutoka langoni hadi ofisi ya mwisho. Andika kila mahali watu wanapolipwa, wanapobeba mizigo, wanapopokea pesa au kuandika habari za watu wengine. Mbele ya kila kazi weka sheria inayoigusa; orodha hiyo ndiyo jedwali lako. Karani wa mishahara: PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya), ushuru wa nyumba (makato ya kujenga nyumba za bei nafuu). Ghala: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mlinzi: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nitarudi kwa huyu mlinzi.

Hatua ya 2: Tenga saa moja kila Ijumaa

Gazeti Rasmi la Serikali hutoka Ijumaa, na matoleo maalumu siku yoyote. Tovuti ya Kenya Law huyaweka bila malipo. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kukushtua ukatafute, lakini usibadilishe hata shilingi moja kabla ya kusoma tangazo lenyewe.

Hatua ya 3: Jua sheria imefika wapi

Hapa ndipo wengi huumia. Mswada si sheria: Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa Juni mwaka huo baada ya maandamano. Na sheria iliyotiwa sahihi si lazima iwe imeanza kukata: Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi Oktoba 2023, makato ya SHIF yakaanza Oktoba 2024 badala ya yale ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya. Huo ulikuwa karibu mwaka mzima wa kujiandaa.

Halafu kuna korti. Ushuru wa nyumba wa 1.5% ulianza Julai 2023. Novemba Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuuacha uendelee. Machi ukarudi kupitia Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Ndani ya miezi tisa karani huyohuyo aliambiwa kata, acha, kata tena. Ndiyo maana jedwali langu lina safu ya hali: mswada, imetiwa sahihi, imeanza, imesimamishwa na korti. Kando yake naandika tarehe na mahali nilipoisoma.

Hatua ya 4: Geuza kifungu kiwe sentensi moja

Nani, atafanya nini, kuanzia lini. Kwa mfano: "Kuanzia mshahara wa Oktoba 2024, karani anaacha jedwali la NHIF na kukata 2.75% ya mshahara wote kwa SHIF." Ukishindwa kuiandika hivyo, bado hujaielewa sheria. Rudi ukasome.

Ongeza swali litakaloulizwa. Aliyekuwa akilipwa 150,000 alikatwa 1,700 chini ya NHIF. Sasa anakatwa 4,125. Atafika kwenye meza ya karani akiwa amekasirika, na ana haki ya kuelezwa. Jibu hilo ni sehemu ya mafunzo ya karani.

Sasa mlinzi. Langoni petu kulikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mgeni aliandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, huku akiwaona waliomtangulia wote. Siku moja nilisimama pale nikamwona kijana akipiga picha ukurasa mzima kwa simu. Labda alitaka nambari ya mtu mmoja tu, lakini aliondoka na za watu ishirini. Sentensi yetu ikawa: "Kuanzia Jumatatu, mlinzi ndiye anayeandika, daftari linabaki upande wake, na hatuchukui nambari ya simu tusiyoihitaji."

Hatua ya 5: Fundisha mahali pa kazi

Dakika kumi na tano zinatosha, kwa Kiswahili, karibu na kifaa chenyewe. Madereva nawapata saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajawasha magari. Sipendi mafunzo ya siku nzima hotelini. Watu hurudi na kalamu na cheti, kazi inabaki ileile. Mwombe kila mmoja akuonyeshe kwa mikono yake. Mlinzi aliandikisha wageni watatu mbele yangu, na wa kwanza alimpa daftari kwa mazoea. Tulisahihisha palepale.

Hatua ya 6: Rudi baada ya wiki mbili

Weka karatasi ya mahudhurio, maana mkaguzi ataiomba, ila sahihi inathibitisha tu kwamba mtu alikuwepo. Chukua hati tano za mishahara uzipigie hesabu upya. Simama langoni nusu saa. Andika ulichokiona, hata kama kinakuaibisha, na tarehe yake.

Usisahau kuuliza ni nini kilichoachwa. Nilipomuuliza mlinzi, aliinama akavuta sanduku chini ya meza. "Na haya ya zamani, madam, tuyafanyeje?" Yalikuwa madaftari tisa, yamejaa vitambulisho vya watu, hayajafungiwa popote. Katika jedwali langu halikuwemo hata moja. Jioni hiyo tuliyafungia kabatini, tukakubaliana na meneja tarehe ya kuyaharibu, na safu mpya ikaingia kwenye jedwali: vya zamani viko wapi?