Somo: Kuijenga Timu ya NFL kwa Drafti au kwa Kusajili Wakongwe

Somo hili linahusu mpira wa miguu wa Kimarekani unaochezwa katika NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani. Swali tunalolitafutia jibu ni hili: ukikabidhiwa klabu iliyochoka, uijenge kwa chipukizi wanaochaguliwa kutoka vyuo vikuu kila mwezi wa Aprili katika uteuzi uitwao drafti, au kwa wakongwe ambao mikataba yao imekwisha na ambao mwezi wa Machi huwa huru kwenda kokote waendako? Mimi nina msimamo, na nitauweka wazi mapema ili msomaji asije akaona nimemvizia: chipukizi ndio wanaotoa nafasi ya kumlipa mkongwe, kwa hiyo mjenzi anayeanza na mkongwe anatumia fedha ambazo bado hajazipata.

Hatua ya kwanza: hesabu ulichonacho

Chukua daftari na uchore safu nne: jina la mchezaji, umri wake, miaka iliyobaki katika mkataba wake, na njia aliyoingilia, yaani drafti, usajili au mabadilishano. Timu huanza msimu ikiwa na wachezaji 53, kwa hiyo kazi hii ni ya jioni moja tu. Mimi humwekea alama nyekundu kila aliyefikisha miaka 30. Mwaka mmoja ukurasa wa safu ya ulinzi wa timu ninayoishabikia ulikuwa mwekundu mtupu, na sikuhitaji mchambuzi wa televisheni kunieleza kwa nini tulikuwa tukizidiwa nguvu kila ilipofika robo ya nne.

Jina moja lizungushie duara, nalo ni la kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Mwaka aliofikia katika mkataba wake ndio saa ya ukutani inayoendesha kila kitu kitakachofuata.

Hatua ya pili: elewa bei za sokoni

Tangu mwaka 1994 ligi ina kikomo cha mishahara, yaani kiasi ambacho matumizi ya klabu kwa wachezaji wake hayaruhusiwi kukivuka kwa mwaka. Kilianza na dola milioni 34.6, na mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Dallas yenye utajiri wote ule na Green Bay ya mji mdogo huenda sokoni na kapu la ukubwa mmoja, na hapo ndipo hoja yetu yote inapozaliwa, kwa sababu anayeshinda ni yule aliyenunua bidhaa njema kwa bei ndogo.

Bidhaa ya bei ndogo kuliko zote ni chipukizi aliyeiva mapema. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2010 kwotabeki Sam Bradford, aliyekuwa chaguo la kwanza katika drafti, alipewa na klabu ya Rams mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78, na 50 kati ya hizo zilikuwa za uhakika, kabla hajarusha mpira hata mmoja katika ligi. Makubaliano mapya ya mwaka 2011 kati ya wamiliki na wachezaji yaliweka bei maalumu kwa kila nafasi ya drafti, na mwaka huohuo Cam Newton, naye chaguo la kwanza, alisaini mkataba wa miaka 4 wa takriban dola milioni 22. Aliyechaguliwa sasa hufungwa kwa miaka 4, na klabu ina hiari ya kuongeza mwaka wa 5 kwa yule wa raundi ya kwanza. Ukimpata nyota katika dirisha hilo, tofauti kati ya thamani yake na mshahara wake inabaki mfukoni mwako, nawe unaweza kuipeleka kwingine.

Hatua ya tatu: Machi hutangulia Aprili

Wengi husahau kwamba soko la wachezaji huru hufunguliwa katikati ya Machi na drafti hufanyika mwishoni mwa Aprili. Mpangilio huo una hekima yake kwa anayejua kuutumia. Mashimo yaliyo wazi yazibe mwezi Machi kwa wakongwe wa bei ya wastani na mikataba mifupi, ili ikifika Aprili usilazimike kumchukua kijana dhaifu kwa sababu tu nafasi yake iko tupu. Klabu yenye njaa huchagua vibaya, kama vile mtu mwenye njaa anavyonunua ovyo sokoni.

Hapa sharti tusimame kidogo tuangalie mkataba kwa karibu. Tuseme unamsajili beki wa miaka 29 kwa miaka 5, na siku ya kusaini unampa bonasi ya dola milioni 20. Kwa kanuni za ligi bonasi hiyo husambazwa kwa miaka isiyozidi 5, hivyo kila mwaka inahesabiwa milioni 4 tu ndani ya kikomo, na meneja mkuu huonekana mjanja. Baada ya misimu miwili magoti yanakataa na unaamua kumwacha. Milioni 12 zilizobaki hazifutiki. Zinarudi kwenye hesabu zako, nawe unamlipia mtu ambaye hayupo uwanjani. Mashabiki huziita pesa mfu. Denver Broncos walipomwacha kwotabeki Russell Wilson mwaka 2024 walijitwisha dola milioni 85 za namna hiyo, zilizogawanywa kwa miaka miwili.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa kawaida halioni. Klabu inayopoteza wachezaji huru wengi au wazuri kuliko iliowasajili hufidiwa kwa nafasi za ziada za drafti mwishoni mwa raundi ya 3 hadi ya 7. Mkongwe aliyeachwa na klabu yake kabla mkataba haujaisha haingii katika hesabu hiyo. Kwa hiyo mjenzi makini humtazama kwanza aliyeachwa, kisha aliyemaliza mkataba, na Baltimore Ravens wamefaidika na kanuni hii kwa miaka mingi.

Hatua ya nne: siku za drafti

Drafti ina raundi 7, na timu 32 huchagua kwa mpangilio unaompa aliyefanya vibaya nafasi ya mbele na bingwa nafasi ya mwisho. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936 kwa pendekezo la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyekuwa amechoka kuona klabu chache zikiwazoa vijana wote bora.

Jipe unyenyekevu. JaMarcus Russell alikuwa chaguo la kwanza mwaka 2007 na alicheza misimu mitatu tu, ilhali Tom Brady, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa ligi, alichukuliwa wa 199 mwaka 2000, baada ya makwotabeki wengine sita. Kama hata wanaolipwa kwa kazi hiyo hukosea kiasi hicho, basi njia ya busara ni kuongeza idadi ya nafasi ulizo nazo badala ya kujiaminisha kwamba jicho lako ni kali kuliko la wenzako.

Namna ya kuziongeza ni kushuka. Katika klabu ya Dallas Cowboys ya kocha Jimmy Johnson, mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliundwa chati inayoipa kila nafasi ya drafti alama zake: ya kwanza ina 3,000, ya 10 ina 1,300, ya 20 ina 850 na ya 45 ina 450. Jumlisha mbili za mwisho uone. Anayemiliki nafasi ya 10 anaweza kuiachia na kupokea ya 20 pamoja na ya 45, akapata vijana wawili kwa gharama ya mmoja. Chati hiyo imekosolewa sana tangu wakati huo, kwa haki, kwa kuwa inazipa nafasi za juu thamani kubwa mno. Lakini ukosoaji wenyewe unamnufaisha anayeshuka.

Hatua ya tano: mkongwe aje wakati wake

Mwaka 2011 Eagles walikusanya wakongwe kwa mkupuo, akiwemo mlinzi Nnamdi Asomugha kwa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 60, na mmoja wa waliosajiliwa, Vince Young, akaiita timu ya ndoto. Walimaliza msimu kwa ushindi 8 na vipigo 8, mwaka uliofuata wakashinda michezo 4 tu, na Asomugha akaachwa baada ya misimu miwili. Majina yalikuwa makubwa kweli, ila hapakuwa na mfumo waliokua nao pamoja.

Linganisha na Seattle Seahawks. Earl Thomas alichaguliwa raundi ya kwanza mwaka 2010, Kam Chancellor raundi ya 5 mwaka huohuo, Richard Sherman raundi ya 5 mwaka 2011, na Bobby Wagner raundi ya 2 mwaka 2012. Mwaka huo wa 2012 walimpata pia kwotabeki Russell Wilson katika raundi ya 3, ambaye mshahara wake wa msingi msimu wa 2013 haukufika dola 600,000. Fedha walizookoa kwake ziliwawezesha kuingia sokoni Machi 2013 na kuwasajili wakongwe wawili wa safu ya mbele, Cliff Avril na Michael Bennett.

Tarehe 2 Februari 2014, katika fainali ya Super Bowl huko New Jersey, Denver walikuwa nyuma ya Seattle kwa 15 bila, robo ya pili ikielekea ukingoni, na angalau walikuwa wameanza kusogea mbele. Kwotabeki wao Peyton Manning, mkongwe wa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 96, aliinua mkono kurusha. Avril alizunguka pembeni akaupiga mkono ule mpira ukiwa ndiyo kwanza unatoka, ukapaa juu bila nguvu kama tunda lililotikiswa mtini, na Malcolm Smith, kijana aliyechaguliwa wa 242 mwaka 2011, akaudaka na kukimbia nao yadi 69 hadi mwisho wa uwanja. Mchezo ulimalizika 43 kwa 8 na Smith akatajwa mchezaji bora. Mkongwe wa kununuliwa alipiga, chipukizi wa raundi ya mwisho akadaka. Sijapata kuona somo hili likifundishwa vizuri zaidi ya hapo, na wala halikuchukua sekunde 20.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Los Angeles Rams hawakuchagua mtu yeyote katika raundi ya kwanza kuanzia mwaka 2017 hadi 2023, na bado walitwaa ubingwa wa msimu wa 2021. Je, hilo halibomoi msimamo wako?

Jibu: Marahaba. Linautikisa, nakubali. Walitoa nafasi mbili za raundi ya kwanza kumpata mlinzi Jalen Ramsey na nyingine mbili kumpata kwotabeki Matthew Stafford, kisha katikati ya msimu wakamleta Von Miller. Hata hivyo fungua daftari lao utazame safu ya nne. Aaron Donald alikuwa wa drafti, nafasi ya 13 mwaka 2014. Cooper Kupp, mchezaji bora wa fainali ile, alikuwa wa raundi ya 3. Rams waliacha raundi ya kwanza tu, hizi za chini walizichimba kwa bidii. Bei ya njia hiyo ilionekana msimu uliofuata, walipopoteza michezo 12 na nafasi yao ya juu ya drafti ikaenda Detroit, klabu iliyowapa Stafford.

Swali: Kaka, bingwa huchagua wa mwisho kila raundi. Ilikuwaje basi Kansas City Chiefs wasiporomoke kwa miaka mingi?

Jibu: Kwa sababu walithubutu kumuuza mtu angali ghali. Machi 2022 walimpeleka nyota wao Tyreek Hill Miami na kupokea nafasi 5 za drafti, ikiwemo ya 29 ya mwaka ule. Hiyo ya 29 waliichanganya na nyingine mbili wakapanda hadi ya 21 na kumchukua mlinzi Trent McDuffie. Katika raundi ya 7 walimpata Isiah Pacheco, wa 251. Msimu huohuo wakawa mabingwa. Zingatia pia kwamba kwotabeki wao Patrick Mahomes alikwisha saini mkataba mkubwa wa miaka 10 mwaka 2020, kwa hiyo walihitaji vijana wa bei ndogo kumzunguka. Hawakuwa na njia nyingine.

Swali: Na Tampa Bay, mabingwa wa msimu wa 2020? Brady alikuwa na miaka 43, na alikuja kama mchezaji huru.

Jibu: Huo ndio usajili wa mkongwe uliokuja wakati wake. Alipofika alimkuta Mike Evans, Chris Godwin, Lavonte David na Vita Vea, wote waliochaguliwa na klabu hiyohiyo katika miaka iliyotangulia, na mwezi uliofuata ikamwongeza Tristan Wirfs wa kumlinda. Lililokosekana lilikuwa moja, nalo lilijulikana. Mtu asiige mfano huu kwa kumsajili kwotabeki wa miaka 40 na kumweka nyuma ya ukuta uliobomoka.

Swali: Mwalimu, mwanangu anacheza sekondari hapa Ohio na ndoto yake ni drafti. Aingie lini, na asipochaguliwa ndiyo basi?

Jibu: Dada, kanuni inamtaka awe ametimiza miaka 3 tangu kumaliza sekondari, kwa hiyo kwanza apate chuo kitakachompa dakika uwanjani. Asipochaguliwa huwa huru kusaini na klabu yoyote mara drafti inapomalizika, na kwa kijana aliyekuwa akielekea raundi ya 7 hiyo wakati mwingine ni heri, maana anajitafutia mwenyewe mahali penye upungufu katika nafasi yake. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga, bila drafti wala chuo cha Marekani, na akafika hadi kucheza michezo ya ligi. Mwombe kijana aanze leo kuchora daftari la safu nne la timu tano hivi anazozipenda, ili siku hiyo ya kupigiwa simu ajue ni ipi haina mtu wa nafasi yake.