Bundi wa Uani: Kuwapiga Picha Majira ya Kuchipua, Wao na Anga Lao

Kama unaishi penye majira manne na nyuma ya nyumba yako pana mti mkubwa, usingoje maua ndipo utoe kamera kabatini. Bundi huwahi. Bundi mkubwa mwenye pembe za manyoya, yule wa Amerika, hutaga baridi ikiwa bado kali. Majani yanapochipua, makinda yake yameshajaa kiota na yanachungulia nje. Anayeanza kutafuta siku maua yanapofunguka amekosa nusu ya hadithi.

Hatua ya 1: Angalia chini kwanza

Wengi huzunguka mti wakikodolea matawi hadi shingo zinawauma. Angalia shina na ardhi. Kinyesi cha bundi huacha michirizi myeupe kama chokaa, na chini yake utakuta vitonge vya manyoya na mifupa, yaani mabaki ya mawindo ambayo tumbo lake limeshindwa kuyeyusha akayatapika. Kitonge cheusi kinachong'aa ni kipya. Kilichofifia na kumomonyoka ni cha zamani, usipoteze jioni zako hapo.

Ndege wadogo nao ni wapelelezi wazuri. Ukiwasikia mchana wamezunguka tawi moja wakipiga kelele kama wamemkamata mwizi, nenda taratibu ukaangalie. Mara nyingi wamemfumania bundi amelala.

Kuna njia moja ya mkato nakuomba uiache: kumchezea sauti ya bundi mwenzake kwenye simu. Atadhani amevamiwa, atatoka kupambana, na mayai yatapoa.

Hatua ya 2: Chagua mahali, ukae hapo

Dirisha la nyumba ni maficho mazuri kuliko hema lolote la kununua. Zima taa za ndani, sogeza lenzi karibu kabisa na kioo ili kisirudishe mwako, vuta pazia hadi ibaki nafasi ya lenzi tu. Ukikaa nje, kaa pale pale kila siku, kwa nguo zile zile. Bundi atakuhesabu kuwa sehemu ya uwanja.

Umbali atakupimia mwenyewe. Akikaa macho nusu yamefumba, uko salama. Akijinyoosha akawa mwembamba kama gogo, macho yamekutumbulia, umeshavuka mpaka, rudi nyuma. Ndiyo maana lenzi ya milimita 400 ina thamani kuliko miguu yako. Uingereza, sheria ya mwaka 1981 inakataza kabisa kumsumbua kwa makusudi bundi wa ghalani akiwa kwenye kiota, kwa hiyo ulizia sheria ya kwenu kabla ya kusimamisha stendi.

Na usikate tawi. Msimu wangu wa kwanza nilikata kitawi kimoja tu kilichokuwa kinakatiza mbele ya kiota. Picha ilitoka safi. Siku ya tatu kunguru nao walikuwa wanakiona kiota vizuri kama mimi.

Hatua ya 3: Fuata kalenda ya makinda

Jike hulalia mayai kwa takriban mwezi mmoja, dume akileta chakula. Kipindi hiki hakina picha nyingi, kina kichwa kimoja juu ya ukingo wa kiota. Mvumilie.

Jike huanza kulalia tangu yai la kwanza, ndiyo sababu makinda hayaanguliwi siku moja. Ndugu hupishana ukubwa kama ngazi, na hiyo ndiyo picha ya familia unayoitaka: mkubwa, wa kati na kitinda mimba aliyebanwa kwenye kona.

Bundi mwenye pembe anapofika kama wiki ya sita hutoka kwenye kiota na kutembea matawini kabla hajajua kuruka. Ukiwa na likizo, ichukue wakati huo. Wako wazi, wanapiga mabawa, wanateleza, wanazungusha vichwa wakikupima umbali. Mmoja akianguka chini usikimbilie kumwokota. Anaweza kupanda tena shina kwa mdomo na makucha. Fungia mbwa na paka ndani, kisha uondoke. Akiwa na jeraha, waite wataalamu wa wanyamapori.

Hatua ya 4: Kamera

Bundi huamka mwanga unapoondoka, na hapo ndipo vita vilipo. Akiwa ametulia, kamera ikiwa kwenye stendi, kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde inatosha. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho na uiache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande 3200 au hata 6400. Chembechembe kwenye picha husafishika baadaye. Picha iliyotikisika haina dawa. Akiruka unahitaji 1/1600 au zaidi, kwa hiyo picha za kuruka zifanye jua likiwa bado lipo, au zisahau.

Fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Macho ya bundi hayazunguki ndani ya kichwa, ili aone pembeni lazima ageuze shingo, na anaweza kuigeuza hadi nyuzi 270. Ngoja. Atakugeukia tu.

Akiwa mbele ya anga jeupe, kamera itadanganyika na kumfanya kivuli cheusi. Ongeza mwangaza kwa +1 au +2. Flashi iache ndani ya begi, anayewinda gizani hahitaji kupofushwa.

Hatua ya 5: Anga

Karibu na tarehe 20 Machi, kaskazini mwa dunia, siku hurefuka kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka; kwa latitudo ya London ni karibu dakika 4 kila siku. Pale jua linapozamia pia panahama. Jua lililokuwa nyuma ya mti wako wiki hii, wiki mbili zijazo litakuwa nyuma ya paa la jirani. Kwa hiyo picha ya kivuli cha makinda mbele ya machweo ipige siku unapoiona.

Mvua ikipita jua likitoka, lipe jua mgongo. Upinde wa mvua hukaa upande wa pili, na hutauona ukiwa ardhini jua likiwa juu ya nyuzi 42, basi usiutafute adhuhuri.

Kuhusu mwezi: siku moja kabla haujatimia, huchomoza jua likiwa bado halijazama, na anga linakuwa na rangi badala ya weusi mtupu. Anza na ISO 100, tundu la lenzi f/11 na shata 1/100.

Kindi, sungura na kalunguyeye watapita mbele yako huku ukisubiri. Lala chini, piga usawa wa macho yao, urudi kwenye mti.

Hatua ya 6: Daftari

Andika tarehe ya kitonge cha kwanza, ya kichwa cha kwanza kuchungulia, ya kinda la kwanza kutoka kiotani kwenda tawini, na saa dume alipoleta chakula. Mwakani toa stendi siku kumi kabla ya tarehe ya kwanza uliyoandika humo.