Embe na nanasi kwa sosi ya moto ya tui la nazi

Baada ya pilau, watu hawataki tena kitu kizito. Mimi huwaandalia embe na nanasi vilivyopoa, nikavimwagia sosi ya moto ya tui na sukari guru. Ni kazi ya kama dakika 20. Shika jambo moja: matunda hayaguswi na moto kabisa, kinachopikwa ni sosi peke yake.

Mahitaji (watu 4)
- Embe dodo 2
- Nanasi nusu
- Ndimu nusu
- Tui zito la nazi kikombe 1 (mililita 250)
- Sukari guru gramu 80
- Iliki punje 4
- Kona flawa kijiko 1 cha chai
- Chumvi, kidogo sana

Hatua ya 1: Matunda
Chagua embe lililoiva lakini bado limekaza. Likinukia upande wa kikonyo na kubonyea kidogo tu, linafaa. Lililolainika sana litakuwa rojo ukilimwagia sosi. Menya, kata vipande vya kuingia kinywani. Nanasi litoe macho yote na moyo wake mgumu. Changanya, kamulia ndimu, weka kwenye friji huku ukipika.

Hatua ya 2: Sukari guru
Ikatekate, iweke kwenye sufuria na vijiko 3 vya maji, moto mdogo, hadi iyeyuke yote. Kisha ichuje, usiruke hapa: sukari guru mara nyingi huwa na makapi ya miwa, nayo hukera mdomoni.

Hatua ya 3: Tui
Hapa ndipo sosi huharibika au hupendeza. Rudisha sukari iliyochujwa jikoni, mimina tui na iliki uliyoitwanga, tia chumvi. Moto uwe mdogo na mkono usiache kukoroga, maana tui likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Koroga kona flawa kwa vijiko 2 vya maji baridi, imimine taratibu. Baada ya dakika 3 hivi sosi itaanza kuushika mwiko. Pitisha kidole juu ya mwiko: mstari ukibaki wazi bila kujifunika, epua.

Likikatika, usimwage. Epua, tia kijiko cha maji ya moto, lipigepige kwa nguvu au lipitishe kwenye blenda. Mara nyingi hurudi.

Kuna wanaotumia maziwa ya ng'ombe badala ya tui. Kwa nanasi lisilopikwa, siwashauri. Lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na yakikaa pamoja huwa machungu. Ukitaka maziwa, ondoa nanasi, tumia embe peke yake.

Hatua ya 4: Kupakua
Acha sosi ipoe dakika 5, iwe ya moto lakini isiyounguza ulimi. Gawa matunda kwenye bakuli yakiwa bado ya baridi, na umwagie sosi mezani, watu wakiwa wameshakaa. Utamu wake uko kwenye kijiko cha kwanza, baridi na moto vikikutana. Ukitangulia kumwaga jikoni, yote yatakuwa vuguvugu.

Sosi iliyobaki hukaa kwenye friji siku 2. Itaganda, ipashe kwa moto mdogo, na kijiko cha maji kikihitajika.