Samaki wa mferejini: wamezaliwa humo au wameletwa na maji?

Kuona samaki mferejini si ushahidi kwamba wameweka makazi. Wengi ni wapita njia: mayai na vifaranga hupenya chujio la lango la maji, wakubwa huingia na mafuriko, wengine humwagwa na watu. Wenyeji ni wale wanaozaliana humo, na watoto wao wakakua wakazaa.

1. Chora mfereji wote: lango, makalavati, mashimo yenye kina, sehemu za zege na za udongo. Omba kibali cha kuvua mapema.

2. Pima kasi ya maji. Elesha kijiti mita 10, gawa 10 kwa sekunde kilizotumia, zidisha kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Rudia karibu na ukingo. Vifaranga hukaa huko, si katikati.

3. Pima oksijeni kabla ya jua kuchomoza. Kipimo cha mchana hudanganya kwa sababu mwani na magugu huwa yanaitoa. Chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki wengi hutaabika. Kambare asikupoteze, yeye huvuta hata hewa ya juu.

4. Tafuta uzao. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Wavu wenye matundu makubwa utakuonyesha wakubwa tu, nawe utasema hawazai. Tumia wa milimita 5 au chini, na kwenye magugu chota kwa wavu wa mkono. Mtego wa chupa siupendi, huchagua samaki. Ukipata vifaranga, usishangilie: huenda wameingia jana. Funga wavu wa matundu ya nusu milimita langoni usiku kucha, uusafishe mara kwa mara maana ukiziba maji hupita pembeni. Linganisha spishi na urefu wa walionaswa na wale wa ndani. Wenye kifuko cha kiini (akiba ya chakula ya kifaranga aliyeanguliwa karibuni) bado tumboni, wakipatikana mbali na lango kwenye maji yaliyotulia, ni ushahidi mzito zaidi. Sato jike hubeba mayai mdomoni na huyatema akishikwa, kwa hiyo kila jike aingie beseni lake, la sivyo hutajua mayai ni ya nani. Maji yakipungua, tazama sakafu ya udongo: viota vya sato ni mashimo ya duara. Kwenye zege tupu hutaviona.

5. Rudi baada ya mfereji kukaushwa kwa matengenezo. Kagua mashimo na chini ya makalavati kwanza. Pakikauka kabisa, samaki wa msimu ujao wataingia kupitia lango tena, na hesabu yako inaanza upya.